Hana ada na anataka kazi ya teknolojia: codeHive, chuo cha kiufundi, Moringa au Ajira Digital?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatoka, akina mama wa Kisauni, Likoni na Changamwe hapa Mombasa huanza kuuliza: kozi gani ya kompyuta itampa binti yangu kazi? Swali hilo ni la haki. Ila kuna jingine linalostahili kulitangulia, na ndilo huamua nani atamaliza na nani ataishia njiani: wakati binti anasoma, nani atamlisha, nani atamlipia nauli, na kama ana mtoto, nani atakaa naye?

Wasichana wengi ninaowajua walioacha masomo haya hawakushindwa na kompyuta. Walishindwa na mwezi wa tatu. Mwezi wa kwanza mjomba anachangia, wa pili mama anakopa kwenye chama, wa tatu hakuna wa kuombwa tena, na msichana anarudi kukaanga viazi karai barazani kwa jirani. Kwa hiyo sitazipima njia hizi kwa umaarufu wala kwa lugha za programu zinazofundishwa. Nitazipima kwa jinsi zinavyomshika mkono mtu asiye na kitu.

Njia zenyewe ni nne. codeHive ni programu ya mwaka mmoja ya AkiraChix, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 2010 na wanawake wa fani hiyohiyo, wakiwemo Judith Owigar, Linda Kamau na Angela Oduor Lungati. Vyuo vya kiufundi vya serikali, tunavyoviita TVET kwa mkato, vimeenea kaunti nyingi. Moringa School, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2014, ni kati ya zinazojulikana zaidi katika shule za kulipia zenye kozi za kasi za miezi michache. Ajira Digital nayo ni mpango wa serikali ulioanza mwaka 2016 kuwafundisha vijana kutafuta riziki mtandaoni, na mafunzo yake hayalipiwi.

Gharama isiyoandikwa kwenye fomu

Ada ndiyo watu huuliza kwanza, na mara nyingi huishia hapo. Tufanye hesabu nyingine. Msichana anakaa Mtwapa, darasa liko mjini. Tuseme nauli ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, na chapati maharagwe ya mchana ni 100 nyingine. Kwa siku 22 za masomo, hiyo ni 6,600 kwa mwezi. Kozi ya miezi mitano inakula 33,000 hata kama darasa lenyewe ni la bure kabisa. Bado hatujataja bando, wala pedi, wala zile siku ambazo mvua ikinyesha tu, matatu zinapandisha nauli. Nyumba inayoishi kwa kibarua haina mahali pa kuzitoa pesa hizo.

Hapa codeHive inaziacha njia nyingine mbali. Msichana aliyechaguliwa hulipiwa masomo, malazi na chakula kwa mwaka mzima, na hupewa kompyuta ya kujifunzia. Wapo wanaoyaona malazi kama nyongeza ya kupendeza. Mimi naona ndiyo kiini cha programu. Binti mkubwa katika nyumba ya watu wanane huteka maji, hupika, huosha vyombo na kuwalaza wadogo zake kabla hajagusa daftari. Muda wake wa kusoma huanza wengine wakishalala, na kufikia hapo macho yamechoka. Ukimtoa katika ratiba hiyo kwa mwaka mmoja, umempa saa ambazo kaka yake alikuwa nazo siku zote.

Upungufu wake ni kwamba nafasi ni chache mno zikilinganishwa na waombaji, na iko Nairobi. Wazazi wa Pwani wengi husita kumpeleka binti asiye na jamaa huko. Sioni sababu ya kuwacheka. Mzazi na aombe kuzungumza na anayesimamia bweni, aulize kuhusu likizo, ugonjwa na ruhusa ya kutoka, aulize kama binti atapata nafasi ya kuswali au kwenda kanisani. Akijibiwa vizuri, hofu nyingi hupungua.

Chuo cha kiufundi kiko katikati. Unapangiwa nafasi na KUCCPS, idara ya serikali inayowagawia wanafunzi vyuo, unaomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na sehemu kubwa ya ada inaweza kubebwa hivyo. Chakula na malazi ni juu yako, na si kila chuo kina bweni la kutosha. Panga mambo yako kama mtu ambaye mkopo wake utachelewa muhula wa kwanza: uwe na nauli ya wiki kadhaa mkononi, na umwone msajili mapema umweleze hali yako, kabla hujafukuzwa kwa ajili ya ada. Na aliye mtu mzima haombi mkopo bila kitambulisho cha taifa. Msichana aliyefikisha miaka 18 na hana kitambulisho aanzie kwa chifu kabla ya kufikiria chuo chochote, kwa sababu bila kitambulisho hana laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa yake, hana PIN ya kodi kutoka KRA (mamlaka ya mapato), na hata kazi ikipatikana mshahara utapitia kwa mtu mwingine. Nimeona mshahara wa binti ukiingia kwenye simu ya shemeji. Haukutoka wote.

Moringa na shule za namna yake ni habari nyingine. Kozi yao ya uhandisi wa programu ni ya malaki. Ndipo unapoingia mpango wa kusoma kwanza na kulipa baadaye, kama ule wa Chancen International, lililoanza kazi hiyo Rwanda kisha likaingia Kenya: mfadhili anailipa shule, na wewe ukishapata kazi yenye kipato cha kiwango kilichokubaliwa, unakatwa asilimia ya mshahara kwa muda maalumu. Ni mpango mzuri kuliko mkopo wa kawaida, kwa sababu ukikosa kazi haukukabi koo. Lakini usome ukikumbuka hesabu ya Mtwapa. Ada imeahirishwa, nauli, chakula na kodi ya chumba havikuahirishwa. Kozi za kasi hushika siku nzima, siku tano za wiki, na zoezi la jioni juu yake, kwa hiyo hata kibarua cha kuziba pengo huna saa za kukifanya.

Ajira Digital ndiyo nyepesi kwa mfuko. Vituo vyake vimesambazwa mashinani, mafunzo ni mafupi, na msichana anaweza kwenda kwa miguu. Atafundishwa unukuzi wa sauti, uingizaji wa data, uandishi wa mtandaoni, uuzaji wa bidhaa mtandaoni na kazi za usaidizi wa mbali. Anaingia leo, wiki chache baadaye anatafuta kazi. Ubora wa kazi hiyo ni jambo nitakalolieleza hapo chini, maana ndipo wengi huumia.

Simu haitoshi

Kuna matangazo yanayosema unaweza kujifunza kuandika programu kwa simu tu. Jaribu. Fungua zoezi la HTML, lugha ya kuundia kurasa za mtandao, kwenye simu ya bei nafuu. Kibodi inapanda na kufunika nusu ya kioo. Unahitaji alama ya <, nayo imefichwa ukurasa wa pili wa kibodi, pengine wa tatu. Unaibonyeza, unarudi kwenye herufi, unaandika «div», na simu, ikidhani umekosea, inakubadilishia neno. Unafuta, unaandika tena. Mstari ambao mwenye kompyuta anaumaliza kwa sekunde tano, wewe umekula dakika nzima. Halafu kuna kosa mahali, na huwezi kutazama ulichoandika na ukurasa unaoutengeneza kwa wakati mmoja. Baada ya wiki mbili za hivyo msichana anajiambia kwamba yeye si mtu wa kompyuta, kumbe shida ilikuwa kioo cha inchi sita.

Na hiyo simu yenyewe mara nyingi si yake. GSMA, muungano wa kampuni za simu duniani, ulikadiria kwamba mwaka 2023 pengo kati ya wanaume na wanawake katika matumizi ya intaneti ya simu kusini mwa Sahara lilikuwa asilimia 32. Katika mtaa, pengo hilo huonekana hivi: kijana wa kiume ana simu, dada yake anaiazima jioni.

Kwa kigezo hiki, codeHive inampa mwanafunzi kompyuta. Moringa, pamoja na programu za mtandaoni kama za ALX na Power Learn Project, zinamtarajia mwanafunzi awe na kipakatalishi chake na intaneti ya kutosha. Programu hizo za mtandaoni zina masomo mazuri na ada yake ni ndogo au haipo kabisa, ila kwa binti asiye na mashine zinabaki mlango uliofunguliwa ghorofani bila ngazi. TVET zina maabara, na tangu mpango wa serikali wa Jitume uanze, ambao kompyuta zake hutolewa kupitia Konza Technopolis, mji wa teknolojia wa serikali, vyuo kadhaa vimepata mashine mpya ambazo hata vijana wa nje ya chuo hufunzwa kwazo. Kabla ya kujaza fomu, nenda ukaione maabara kwa macho. Hesabu mashine zinazowaka. Uliza hufunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi, na kama mwanafunzi anaweza kukaa baada ya somo kufanya mazoezi yake. Chuo chenye mashine 20 zinazowaka na mlango ulio wazi hadi jioni kina faida kuliko chenye mashine 60 na kufuli.

Mombasa tuna bahati ya Swahilipot Hub, pale Mji wa Kale karibu na Fort Jesus, iliyoanza mwaka 2016. Vijana huenda kujifunza, kukutana na waajiri na kupata watu wa kuwauliza wanapokwama. Msichana wa Likoni anavuka feri kwa miguu bila kulipa, kisha anatembea. Kwa anayesoma TVET au anayejifunza mwenyewe, mahali pa namna hii huziba pengo kubwa.

Cheti chako kitafungua mlango upi?

Mzazi hupenda cheti chenye nembo ya serikali, na ana sababu. Cheti cha TVET kinatambuliwa unapoomba kazi ya kaunti, hospitali ya umma au shule, na kinakupandisha: mwenye D ya KCSE anaingia ngazi ya cheti, mwenye C- anaingia diploma, na aliye chini ya hapo ana kozi za ufundi za ngazi ya kwanza. Kutoka cheti unapanda diploma, na mlango wa chuo kikuu unabaki wazi. Kwa msichana aliyepata D na kuambiwa na ukoo mzima kwamba ameanguka, hii ndiyo njia inayompokea bila kumwuliza maswali mengi.

Cheti cha codeHive au cha Moringa hakina uzito huo serikalini. Uzito wake uko kwa kampuni binafsi za programu, ambako swali la kwanza huwa: umetengeneza nini, tuonyeshe. Hapo mhitimu wa kozi ya kasi mwenye miradi mitatu inayofanya kazi anaweza kumpita mwenye diploma asiye na chochote cha kuonyesha. Kinachotofautisha hasa ni nani anakutambulisha kwa mwajiri. Uliza kila shule: mna mtu ambaye kazi yake ni kuwatafutia wahitimu nafasi? Anaitwa nani, naweza kuongea naye? Kule TVET mafunzo ya nyanjani ni lazima, lakini mara nyingi mwanafunzi hujitafutia mwenyewe, na binti asiye na mjomba ofisini ndiye anayezungushwa. AkiraChix imejijengea uhusiano na waajiri kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa msichana asiyejua mtu yeyote Nairobi, hilo lina thamani sawa na masomo yenyewe.

Niongeze tahadhari kuhusu kazi ya kuandika programu. Kampuni ya Andela ilianza mwaka 2014 kwa kuwachukua vijana wa Kiafrika wasio na uzoefu, ikawafunza huku ikiwalipa. Septemba 2019 ilitangaza kuwaachisha kazi waandishi wa programu wachanga wapatao 400 katika Nigeria, Uganda na Kenya, ikieleza kwamba wateja wake walitaka wenye uzoefu. Tangu hapo akili bandia nayo imeanza kufanya kazi ndogondogo ambazo zamani zilikuwa za kujifunzia. Nafasi ya mwanzo kabisa imekuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa wakati Moringa inafunguliwa. Msichana anayekwenda Moringa kwa mkopo ajue hivyo, na asiamini tangazo linalomwahidi mshahara mnono miezi sita baada ya kuhitimu.

Ndiyo maana sipendi tunapozungumza kana kwamba teknolojia ni kuandika programu peke yake. Mombasa kuna bandari. Ofisi za uwakala wa forodha zinahitaji watu wanaouweza mfumo wa forodha wa KRA uitwao iCMS na ule wa KenTrade, shirika la serikali la vibali vya biashara. Hoteli za Nyali na Diani zina mifumo ya kuhifadhi vyumba, kamera, mitandao ya waya na isiyo ya waya. Hospitali zinaweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Kuna kazi ya kuvuta nyaya za intaneti ya majumbani, kutengeneza kompyuta na simu, kujaribu programu kabla hazijatolewa, kuwahudumia wateja wa programu za pesa. Kozi ya mitandao au ya usaidizi wa kompyuta katika chuo cha kiufundi inampeleka binti kwenye kazi hizi zilizo karibu na nyumbani, na nyingi hazimdai Kiingereza cha wawekezaji wala safari ya Nairobi. Mimi binafsi naona TVET inadharauliwa kupita kiasi, hasa na sisi tuliobahatika kusoma.

Kazi ya mtandaoni ilivyo

Sasa nirudi kwa Ajira Digital. Chukua unukuzi, kazi ambayo wanaoanza wengi hupelekewa kwanza. Unapewa faili ya sauti ya mazungumzo. Unavaa spika za masikioni, unacheza sekunde nne, unasimamisha, unaandika, unarudisha nyuma kwa sababu mzungumzaji wa pili amemkatiza wa kwanza, unasikiliza tena. Lafudhi ni ya Texas au Mumbai. Saa moja ya sauti humchukua anayeanza saa tano, sita au zaidi, na malipo huhesabiwa kwa dakika za sauti, si kwa saa ulizokaa. Umeme ukikatika ukiwa umebakiza dakika kumi na muda wa kuwasilisha ukapita, umefanya bure. Hiyo ni kazi halali na wapo wanaolea watoto kwayo. Lakini haifai kuuzwa kwa msichana kama njia ya haraka ya kutajirika.

Pia si kazi ya kutegemea peke yake. Machi 2024 jukwaa la Remotasks, ambalo Wakenya wengi walilitumia kuweka alama kwenye picha na maandishi ya kufundishia akili bandia, lilifungwa kwa Kenya. Watu waliamka wakakuta akaunti hazifunguki. Hapakuwa na notisi ya mwezi, hapakuwa na ofisi ya kwenda kubisha.

Kazi ya namna hiyo ikiwa ndani ya kampuni yenye ofisi ina nafuu ya mshahara wa kila mwezi, ila ina yake. Samasource, sasa Sama, iliyoanzishwa na Leila Janah mwaka 2008 kwa nia ya kuwapa watu maskini kazi za kidijitali, imewaajiri maelfu Nairobi, wanawake wengi wakiwemo. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyefanya kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook humo, alifungua kesi Nairobi dhidi ya Meta na Sama kuhusu mazingira ya kazi na madhara ya kutazama ukatili siku nzima. Mwaka uliofuata Sama ikaacha kazi ya kuchuja maudhui. Kwa hiyo dada, ukiitwa kwenye usaili wa kazi ya data, uliza waziwazi: nitakuwa natazama nini? Kuweka alama kwenye picha za barabara ni kazi moja. Kutazama video za mauaji ni nyingine kabisa, na huna wajibu wa kuikubali kwa sababu tu unatoka nyumba yenye shida.

Na kuna kazi ambayo nawasihi mabinti waiache kabisa, ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na kazi zao za chuo. Imewavuta vijana wengi wa Kenya wenye akili, mara nyingi kupitia akaunti za kukodi kwa jina la mtu mwingine. Mwenye akaunti anachukua sehemu kubwa, anaweza kukuzima wakati wowote, na mwisho wake huna jina, huna rekodi, huna kazi unayoweza kumwonyesha mwajiri. Afadhali kazi tatu ndogo kwenye Upwork, jukwaa la kazi za mtandaoni, kwa jina lako. Malipo yake yanaweza kufika kwenye M-Pesa kupitia PayPal, njia iliyofunguliwa Kenya mwaka 2018, ilimradi laini na kitambulisho ni vyako.

Basi aende wapi?

Binti aliyefaulu vizuri, hana mtoto, na familia inaweza kumruhusu aondoke mwaka mmoja: aombe codeHive, na siku hiyohiyo ajaze fomu ya KUCCPS. Asisubiri jibu la moja ndipo aanze nyingine. Akikosa codeHive hajapoteza mwaka.

Binti mwenye D, au aliyekatiza masomo akarudi: TVET, bila kusitasita, na likizo zitumike Ajira Digital au kwenye maabara ya Jitume. Njia hizi mbili hazipingani, na mchanganyiko wake ndio ninaoupendekeza kwa watu wengi zaidi. Anapata cheti kinachotambulika, na kazi ndogo za mtandaoni zinamlipia nauli ya muhula unaofuata.

Moringa naiona inamfaa aliyekwisha kusimama kidogo: ana diploma lakini hana ujuzi wa vitendo, au ana dada Nairobi atakayempa pa kulala na sahani ya chakula bila kumgeuza yaya. Kwa msichana anayeanza kutoka sifuri, bila pa kulala, hata kama ada imeahirishwa, namwambia asubiri.

Mwenye mtoto ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu matangazo mengi humsahau. Sera ya Kenya ya kuwarudisha shule wasichana waliojifungua ipo tangu 1994, na Tanzania iliwafungulia milango Novemba 2021, lakini hakuna sera inayokaa na mtoto saa nane mchana. Bweni kwake ni gumu, kozi ya siku nzima ni ngumu zaidi. Aanze na Ajira Digital karibu na nyumbani ili pesa kidogo ziingie, kisha TVET ya kutwa iliyo umbali wa matatu moja. Aulize kama chuo kina chumba cha watoto; kama hakina, atafute wenzake wawili watatu wa darasa hilo walipie mama mmoja wa kuwalea watoto wao pamoja. Na aangalie saa za maabara kabla ya kuangalia jina la kozi. Somo la saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana anaweza kulimudu. La jioni litamshinda hata awe hodari vipi.

Aliye mbali na miji asidhani hana lake. Turkana kuna Learning Lions, linalowafunza vijana kazi za kidijitali hukohuko. Kampasi yao kando ya Ziwa Turkana, iliyosanifiwa na Francis Kéré na kukamilika mwaka 2021, ina minara mirefu ya kupitisha hewa kama vichuguu vya mchwa, ili mashine na watu vistahimili joto la huko. Kwa binti wa Lodwar, hapo ni pa kuulizia kabla ya kupanda basi la Nairobi.

Kwa jirani zetu wa Tanzania, VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, inastahili kutazamwa kwanza. Ada yake kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 za Tanzania kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, na kituo chake cha Kipawa, Dar es Salaam, ni cha TEHAMA hasa. Bweni kwa bei hiyo ni jambo ambalo huku Kenya hatuna. Wasichana ambao bado wako shuleni waulize kuhusu vilabu vya Apps and Girls, shirika la Carolyne Ekyarisiima lililoanza mwaka 2013, ili wafike chuoni wakiwa tayari wameshagusa kibodi.

Na yeyote anayetaka kutia saini mkataba wa kusoma sasa na kulipa baadaye, aende nao nyumbani, ausome na mtu mwingine mzima, kisha aulize haya: makato yanaanza mshahara ukifika shilingi ngapi, ni asilimia ngapi, kwa miezi mingapi, na jumla haiwezi kuzidi kiasi gani? Nikipata kazi isiyo ya teknolojia nitakatwa? Nikijifungua au nikiugua katikati ya kozi, deni linakuwaje? Nikiacha wiki ya tatu nadaiwa nini? Majibu yawe kwenye karatasi, yenye tarehe na muhuri, na nakala ibaki kwako.